Nadharia ya grafu: nichukue ya idara ya hisabati au ya kompyuta?

Msafiri_Kasarani
Hamjambo wadau. Niko mwaka wa tatu, hisabati, chuo kimoja hapa Nairobi. Muhula ujao nina nafasi ya somo moja tu la hiari, na nadharia ya grafu (nukta, yaani vipeo, zilizounganishwa kwa mistari, yaani kingo) inafundishwa pande mbili. Idara yetu wanakwenda kwa uthibitisho, mtihani wa kalamu na karatasi. Wa kompyuta wanakwenda kwa algorithimu, yaani hatua za kufuata ili kupata jibu, na kuna mradi wa programu. Nataka kulielewa somo, si kulipita tu. Mliosoma, nishaurini.

Shufwa_na_Witiri
Hisabati. Tazama swali la madaraja saba ya mji wa Königsberg: je, unaweza kuyavuka yote, kila moja mara moja tu? Mwanahisabati Euler alilimaliza mwaka 1736. Ardhi ni nne: moja inaguswa na madaraja 5, nyingine tatu zinaguswa na 3 kila moja. Ukipita mahali, unaingia kwa daraja moja na kutoka kwa jingine, kwa hiyo madaraja yanaliwa mawili mawili. Penye idadi ya witiri lazima pawe mwanzo au mwisho wa safari. Hapa zote nne ni witiri, na safari ina ncha mbili tu. Basi, haiwezekani kuvuka kila daraja mara moja tu. Hakuna aliyehitaji kujaribu njia hata moja! Mimi niliposoma hayo nililala saa nane usiku kwa furaha, na hiyo furaha huipati kwenye kozi ya programu.

Dada_wa_Maabara
Kaka, furaha iko huku pia. Mradi wangu ulikuwa wa usafiri wa matatu: vituo ni vipeo, safari kati ya kituo na kituo ni kingo, nauli ndiyo uzito. Kutoka Kawangware hadi Embakasi, unapanda matatu namba 46 mpaka mjini, kisha namba 33. Nikatumia algorithimu ya Dijkstra, ile iliyochapishwa 1959, ikanipa njia ya bei ndogo vizuri kabisa. Kisha nikataka kuingiza punguzo la nauli, nikaweka uzito wa -20 kwenye ukingo mmoja. Programu ikaendelea kunipa njia ghali. Nilihangaika siku mbili nikidhani nimekosea kuandika. Kumbe Dijkstra ikishakifunga kituo hairudi kukiangalia tena, hata njia nafuu ikitokea baadaye. Uzito hasi unataka algorithimu nyingine, ya Bellman-Ford. Mhadhiri alikuwa amelisema darasani, lakini mimi nililielewa pale kwenye kioo cha kompyuta.

Mwalimu_Mstaafu
Wanangu, nyote mmesema kweli, ila swali ni la huyu kijana, na yeye ni wa hisabati. Hebu chukua karatasi: weka nukta 5, unganisha kila moja na nyingine zote, kingo 10, bila mistari kukatana. Jaribu kwanza, usisome mbele.

Sasa hesabu. Mchoro usiokatana hufuata kanuni ya Euler: vipeo, toa kingo, jumlisha nyuso (maeneo yanayozungushiwa na kingo), ni 2. Kwa hiyo nyuso zingekuwa 7, pamoja na ile ya nje. Kila uso unahitaji kingo zisizopungua 3, jumla 21. Lakini kila ukingo una pande mbili tu, na kingo 10 zinatoa 20. Imepungua moja, basi mchoro huo hauwezekani.

Kama hoja hiyo imekusisimua, nenda hisabati. Algorithimu utajifundisha baadaye; kujifundisha uthibitisho peke yako ni kazi ngumu zaidi, nimeona wengi wakikwama. Lakini usiidharau kompyuta: ndiyo iliyowasaidia Appel na Haken mwaka 1976 kuthibitisha kwamba rangi nne zinatosha ramani yoyote, bila maeneo yanayopakana kuwa na rangi moja.

Msafiri_Kasarani
Shikamoo Mwalimu. Nimechora mara sita nyuma ya daftari la takwimu, kila mara ukingo wa kumi unakosa njia. Halafu nikasoma hesabu yako ya 20 na 21, nikaifuta michoro yote. Najiandikisha hisabati kesho. Dada, mkiwa na nafasi maabara naomba nije kukaa nyuma. Ule mradi wa matatu nautaka.

Dada_wa_Maabara
Karibu. Njoo na laptopu, data ya vituo nitakupa.