Tupeane uzoefu: makumbusho ya visiwani na mambo ya bahari

Mwanzisha uzi: Wakuu, heshima kwenu. Shule zikifungwa nawapeleka vijana wangu makumbusho ya pwani, tuanzie Lamu tushuke hadi Mombasa. Sitaki ile ziara ya kupita vyumba mbio, picha mbili, halafu "baba, chipsi". Mliokwisha kwenda, nitajieni kitu kimoja tu kilichowafanya msimame.

Mwana wa Amu: Karibuni Amu, ndiyo hiyo Lamu. Jumba la makumbusho liko hapo hapo mbele ya bahari, ukishuka botini hulikosi. Wengi hukimbilia siwa, lile baragumu kubwa la heshima, na wana haki: ile ya kisiwa cha Pate ni ya pembe za ndovu, ndefu kumshinda mpulizaji, na hupulizwa ubavuni, si nchani. Lakini mimi nilikwenda na babu, fundi wa majahazi wa Matondoni, naye siwa aliipita kama kaiona jana. Akaganda kwenye mfano wa mtepe, chombo cha kale cha baharini.

Mtepe hauna msumari wa chuma. Mbao zinatobolewa, zinashonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, na tanga lake ni la mkeka. Babu kavaa miwani, kainama, anafuata mshono tundu kwa tundu. Nikamuuliza chombo cha kamba kitahimili vipi bahari. "Cha msumari kikigonga mwamba hupasuka. Hiki hunyumbuka." Akatokea mzee mwingine, wakaanza kubishana kamba ikazwe ikiwa kavu au imelowa. Mimi nikatafuta pa kukaa.

Kibokoni: Mombasa, Fort Jesus, ngome ya Wareno iliyoanza kujengwa 1593. Watoto watang'ang'ania mizinga, waacheni. Ila msiondoke bila kuona ukuta waliochora askari wa Kireno: meli, watu, ovyo ovyo kama mtu aliyechoka kungoja. Na walingoja kweli. Waomani waliwazingira tangu 1696. Meli Santo António de Tanná ikatumwa kutoka Goa kuwaokoa, nayo ikazama hapo hapo chini ya ngome 1697. Mwaka uliofuata ngome ikatekwa. Wapiga mbizi walianza kuifukua meli hiyo 1977. Vitu vyake vimo humo ndani, na ukichungulia ukutani unaona maji vilikotoka.

Mpemba Halisi: Unguja niliona mtepe wa kimo chake kamili, Beit el Ajaib, lile jumba la makumbusho la Mji Mkongwe, enzi za shule. Tangu sehemu ya jumba iporomoke Desemba 2020 sijauona tena. Roho inauma.

Dada wa Tanga: Bebeni vitambulisho, mwananchi halipi sawa na mgeni. Na nendeni asubuhi, jua la kwenye ngome halina adabu.

Mwanzisha uzi: Ahsanteni sana. Mwana wa Amu, babu yupo bado? Tukifika Matondoni tunaweza kumwamkia?

Mwana wa Amu: Yupo, alhamdulillahi. Njooni kabla ya alasiri. Baada ya hapo yuko kwenye bao, na akiwa kwenye bao hata mimi hanijui.