Pilipili kichaa ya mwituni: mbegu haioti, mche ukihamishwa unakufa

Kichakani
Wadau, salaam. Hapa kisiwani pilipili kichaa inajiotea yenyewe vichakani, zile ndogondogo zinazotazama juu. Nataka kuihamishia bustanini. Mbegu nimesia, wiki mbili kimya. Miche niliyong'oa imenyauka yote. Nakosea wapi?

Kitalu
Wiki mbili ni mapema mno, mkuu. Ya mwituni inaweza kuchukua wiki 3 hadi 6, tena haioti kwa pamoja. Ulichuma za aina gani? Ya kijani mbegu yake haijakomaa. Chuma nyekundu, laini, zile ambazo ukizigusa tu zinachomoka kwenye kikonyo. Vaa glavu, kamua mbegu, zioshe, zianike kivulini siku 2 au 3, kisha ziloweke kwenye maji vuguvugu saa 24. Usizidishe, zitaoza. Sia kina cha nusu sentimita, mchanga na mboji nusu kwa nusu, udongo uwe na joto la nyuzi 25 hadi 30. Unyevu uwepo, tope hapana. Tope huleta kinyausi: mche unasinyaa shingoni, karibu na udongo, halafu unalala.

Mnyonyo
Nyongeza kuhusu miche. Ndege hahisi ukali wa pilipili. Anameza tunda, mbegu inapita salama, inaangukia chini ya mti anapotua. Kwa hiyo mche umezoea kivuli, na ukiupeleka juani moja kwa moja lazima uungue. Tena usiung'oe, uchimbe. Chagua usiozidi shibiri moja, zungushia jembe sentimita 15 kutoka kwenye shina, utoke na bonge lake la udongo. Fanya jioni, punguza theluthi ya majani, toa maua na matunda yote, uwekee kivuli wiki 2. Kichaka kikubwa kiache, mizizi yake itakatika tu.

Kitalu
Na kabla ya kuchimba, geuza majani. Ukiona yamejikunja na chini yake kuna inzi weupe, achana na mche huo. Virusi vya kukunja majani havina dawa, utaviambukiza bustani nzima.

Kichakani
Kwa hiyo trei ya mbegu nisiitupe?

Kitalu
Usiitupe. Ifunike kwa nailoni, iwe na matundu machache, uiweke pasipo jua kali. Wiki ya 8 ikipita bila kitu, sia upya.