Miaka tisa na Subaru STI, sasa nauziwa Mitsubishi Evo IX. Nihame ama nibaki?

bluu_wa_nax
Wadau habari zenu. Niko Nakuru, nina Subaru Impreza STI ya 2004, kodi ya bodi GDB, nimekaa nayo miaka tisa. Niwaambie ilianzia wapi ndio mnielewe. Safari Rally ya 2000 baba mdogo alinipakia kwa pikapu tukaenda kukaa kando ya barabara ya vumbi tangu asubuhi, nilikuwa na miaka kumi. Kitu cha kwanza unasikia ni helikopta, maana zilikuwa zinatangulia juu kuangalia kama kuna punda ama matatu mbele, barabara zilikuwa hazifungwi wakati huo. Halafu unaona vumbi mbali. Halafu Richard Burns akapita na ile Impreza ya bluu, ina snoko, lile bomba la kuvutia hewa, imepanda pembeni ya kioo cha mbele, ule mlio ukanipiga hapa kifuani na vumbi likanijaa mdomoni, na siku hiyo nikajua gari langu litakuwa gani.

Sasa kuna mzee mmoja namheshimu sana anauza Evo IX GSR, yaani Mitsubishi Lancer Evolution. Ni yeye peke yake ameiendesha tangu iingie Kenya, haijawahi kukimbia rally, na amenipa mimi nafasi ya kwanza. Kuweka zote mbili siwezi, nina watoto wawili shule. Nilipotaja kwa group yetu ya Subaru watu walinyamaza, halafu mmoja akaandika kama nainunua nitoke kwanza. Iliniuma kusema kweli. Naomba ushauri wa kiufundi na pia wa moyo.

evo_meru_arusha
Mkuu karibu, mimi natumia Evo VIII huku Arusha mwaka wa saba sasa. Kwanza nikukumbushe kitu, huyo Burns uliyemuona 2000 akiwa na Subaru, 1998 alishinda Safari hiyo hiyo akiwa na Mitsubishi. Tommi Mäkinen ndiye katupa sisi wa Mitsubishi mataji manne ya dunia mfululizo, 1996 mpaka 1999, na Safari kashinda na Lancer mara mbili, 1996 na 2001, halafu 2002 huyo huyo kahamia Subaru. Hakuna aliyemwita msaliti kwa hiyo hao wenzako kwenye group wamekuonea aisee. Na ukitaka kurudi nyuma zaidi, Joginder Singh alishinda Safari na Lancer 1974 akashinda tena 1976, kabla Impreza haijazaliwa. Evo na Impreza zote zimetoka 1992, zimekua pamoja kama watoto wa mtaa mmoja, kila mmoja akitoka na kitu mwenzake anajibu.

Tuje kwenye gari. IX ndiyo Evo ya mwisho yenye injini ya 4G63, bloku yake ni chuma cha kumimina, inabeba presha ya turbo vizuri sana. Lakini usilipe hata senti kabla ya kuangalia mambo mawili. Mikanda ya taimingi ni miwili, mkubwa na ule mdogo wa balansi shafti, shafti za kupunguza mtetemo wa injini, mafundi wengi wanabadilisha mkubwa wanauacha mdogo, sasa ukikatika unaingia kwenye mkubwa na injini imekwisha hapo hapo. La pili AYC, ule mfumo unaogawa nguvu kwenye tairi mbili za nyuma. Fungua switchi bila kuwasha gari, taa yake kwenye dashibodi iwake halafu izime. Isipowaka kabisa ujue kuna mtu kaitoa balbu kukuficha.

mama_boksa
Evo ni gari nzuri, sibishani na hilo. Lakini mimi sihami, na nieleze ni kwa nini. Nina Subaru Forester STI, kodi ya bodi SG9, naishi Mombasa na kazi inanipeleka Nairobi kila mwezi. Mwaka juzi nilizembea kupima oili, kosa langu kabisa, nikafika karibu na Mtito Andei saa mbili usiku nikaanza kusikia kitu kinagonga chini, tok tok tok, kinapanda na mwendo wa injini. Nikazima hapo hapo. Nikaandika kwa group niko wapi. Ndani ya saa moja walikuja vijana wawili kutoka Voi, sijawahi kuwaona maishani, wakakaa na mimi mpaka breakdown ikafika saa saba usiku na chai wakaninunulia. Beringi za krenki zilikuwa zimeliwa lakini injini iliokolewa kwa sababu sikuendelea kuendesha. Kwa hiyo mtu akiniuliza kwa nini nashikilia Subaru namwambia ni hao vijana wawili. Halafu spea, Kirinyaga Road pale Nairobi nikikosa kitu cha Forester nachukua cha Subaru Legacy kinaingia, wewe wa Evo utaagiza Japani na kungoja.

Aliyemwambia atoke group amekosea lakini, na nitamwambia.

spana14
Mimi ni fundi, nafungua zote. EJ20, injini ya hiyo STI, inakufa kwa oili kupungua, 4G63 inakufa kwa mikanda na kwa kuongezewa presha na watu wasiojua tyuning. STI kubadilisha plagi ni kuchubuka vidole kwa sababu ni injini ya boksa, silinda zimelala zinatazama chesisi, Evo unafungua boneti ziko hapo juu. Lakini ule ulalaji ndio unaiweka Subaru chini barabarani, uzito wote uko karibu na lami.

Jambo moja hamjataja. Kenya gari haliingii likipita miaka 8, na Evo ya mwisho kabisa ilitengenezwa 2016, kwa hiyo hakuna nyingine inakuja. STI nazo zinaelekea huko huko, 2022 Subaru walitangaza WRX mpya haitakuwa na STI ya petroli. Zilizoko ndizo hizo. Kila mwezi naona moja ikichinjwa ipewe mtu spea na inaniuma kwa kweli. Yeyote atakayechukua hiyo IX aiweke hai, hilo ndilo naomba.

kona_tatu
Usiuze STI. Mimi niliuza yangu 2019, mpaka leo nikisikia boksa inapita nageuka.

bluu_wa_nax
Nimerudi. Jumamosi nilienda na fundi. Taa ya AYC iliwaka ikazima, ahsante mkuu wa Arusha. Mkanda mkubwa ulibadilishwa 2021, ule mdogo mzee hakuwa anajua uko, kwa hiyo hilo nimelipata kwa huu uzi. Halafu akanipa funguo nikapanda nayo mpaka karibu na Mau Summit. Nitasema ukweli mbele ya watu wa bluu: kwenye kona STI yangu naisukuma iingie, hii inaingia yenyewe, unageuza usukani kidogo na mgongo wa gari unafuata. Nilinyamaza njia yote ya kurudi.

Mzee alikuwa na sharti moja tu, isichinjwe. Nimempa mkono.

STI haiendi kwa dalali. Inaenda kwa mtoto wa baba mdogo, baba mdogo mwenyewe alifariki 2016 na huyo kijana amekuwa akiiosha kila akija likizo bila kuambiwa. Atanilipa polepole. Jumatatu Evo inaingia kwa fundi, mikanda yote miwili kabla sijaiendesha tena.

mama_boksa
Pole kwa baba mdogo. Usitoke group, nimeongea na admin. Safari ikifika kuja Naivasha na hiyo Evo, na huyo kijana aje na STI, mtapaki pamoja nasi.

evo_meru_arusha
Na sisi tutapanda kupitia Namanga, gari tatu. Mtuwekee nafasi.