Mwalimu wa Fizikia anayependa umeme wa jua: niache kazi nisome upya, au nisome nikiwa kazini?

MwlSingida: Habari zenu wakuu. Nafundisha Fizikia na Hisabati, sekondari ya serikali. Darasa nalipenda, ila jioni namsaidia fundi mmoja kufunga paneli na moyo umehamia huko. Napima njia tatu: kuacha kazi nikasome uhandisi wa umeme miaka minne, kusoma Chuo Kikuu Huria huku nafundisha, au kozi ya ufundi stadi ya VETA. Nina watoto wawili wanasoma.

FundiJua: VETA. Nadharia unayo, kinachokosekana ni mkono. Mteja hakuulizi shahada. EWURA, wadhibiti wa nishati, ndio watakaotaka vyeti na uzoefu kabla ya kukupa leseni ya kufunga umeme. Uliza kwanza chuo cha karibu nawe kama kina kozi ya sola.

DadaMhandisi: Inategemea, Mwalimu. Unataka kufunga au kusanifu? Ukitaka kusanifu mfumo wa hospitali na kusaini michoro kama mhandisi, hakuna njia ya mkato: shahada, kisha usajili wa Bodi ya Usajili wa Wahandisi.

MkufunziMoro: Mbona wote mnamtoa darasani? Mtaala ulioanza Januari 2024 umeleta mkondo wa amali, yaani masomo ya ufundi, sekondari. Shule zinamtaka mtu anayejua kufundisha na kazi ya mikono pia, na huyo ni adimu. Mafundi wengi hawajasomea ualimu, walimu wengi hawajawahi kushika koleo. Wewe nusu unayo tayari! Fikiria somo la Sheria ya Ohm ukiwa na betri ya volti 12: unaunganisha taa kwa waya mfupi mnene, kisha kwa waya mrefu mwembamba, wanafunzi wanaiona taa inafifia, wanapima volti zilizopotea njiani. Mtoto aliyeona hivyo hakariri tena. Soma VETA, baadaye kitazame Chuo cha Ualimu wa Ufundi Stadi hapa Morogoro. Chuo Kikuu Huria kinamfaa mwenye kazi, kina vituo mikoani, ila umeme wa vitendo usikitegemee. Kiweke kwa ajili ya uzamili wa elimu.

MamaWawili: Barua ya kuacha kazi usiandike, ndugu yangu. Ukitoka, bima ya afya ya NHIF unayokatwa kwenye mshahara inakatika na michango ya pensheni ya PSSSF inasimama, na wanao bado wadogo. Omba ruhusa ya masomo kwa mwajiri, kwa maandishi, usianze chuo kabla hujajibiwa.

MwlSingida: Asanteni sana. Dada, nataka kufunga na kufundisha, kusanifu hapana. Uhandisi nimeuacha. Likizo ya Juni naenda VETA kuulizia. Mkufunzi, hapo Morogoro nije na shahada yangu ya ualimu tu?

MkufunziMoro: Tangulia na cheti cha ufundi. Hapa watu wanafundishwa namna ya kufundisha ufundi. Ufundi wenyewe unakuja nao. Na piga simu chuoni uulize sifa za mwaka huo kabla hujalipia fomu.