Taa za LED ndani ya kesi ya kompyuta: mkanda wa bodaboda, seti ya rimoti au feni?

MwanaNgamiani
Wakuu, habari za jioni. Nina kibanda Ngamiani, hapa Tanga, mchana naingiza nyimbo na filamu kwenye flashi, jioni vijana wanacheza gemu la mpira. Nataka kompyuta iwake rangi kwa ndani, mtu akipita barabarani ageuze shingo. Nimeona njia tatu. Mkanda wa LED wa bodaboda, maduka ya spea wanaukata kwa mita, bei rahisi kabisa. Seti yenye rimoti na kiboksi chake. Au feni zenye taa, ila hizo mpaka niagize Kariakoo zije na basi. Nichukue ipi? Nataka nimalize kabla ya Idi.

Kaskazi88
Feni. Zinapoza na zinapendeza. Hayo mengine ni kuchezea hela.

fundi_Chuda
Mkuu, umeuliza bei ya nguo bila kusema ni ya mtoto au ya mtu mzima. Madabodi, ule ubao mkuu wa ndani, ni gani? Powasaplai, kile kiboksi kinachogawa umeme, ni wati ngapi? Kuna pini za taa kwenye madabodi au hakuna? Mfuko umebeba shilingi ngapi? Weka picha.

Pangani_Jnr
Chukua wa bodaboda, usisikilize watu. Bodaboda ni volti 12, powasaplai nayo inatoa volti 12. Na ule wa pikipiki umevishwa silikoni kwa ajili ya mvua. Huku kwetu pwani, chumvi inakula shaba ukiwa umelala. Wangu una mwaka wa tatu, haujazima hata taa moja.

fundi_Chuda
Pangani hujakosea, lakini mwenzako akienda kununua "LED za rangi" bila kuuliza ataumia. Zipo aina mbili. Moja ni ya volti 12 yenye pini nne, mkanda mzima unabadilika rangi kwa pamoja. Nyingine ni ya volti 5 yenye pini tatu, kila taa ina rangi yake, ndizo zile zinazokimbizana. Hii ya volti 5 ukiichomeka penye volti 12 imekwenda, hata muda wa kusoma bismillahi huupati. Plagi ya tundu tatu ukiilazimisha kwenye pini nne inaingia, hapo ndipo watu wanapoachia fedha zao.

MwanaNgamiani
Samahani wakuu, nilikuwa na wateja. Kompyuta ni ya ofisini, ya mtumba. Pini za taa hakuna, nimeangalia mpaka chini. Powasaplai imeandikwa wati 320. Halafu msinicheke, jana nilishanunua mita moja ya mkanda wa bodaboda, ule mweupe, nikaujaribu. Nimeunga nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi. Hauwaki. Ndiyo maana nikaja kuuliza.

Kaskazi88
Kumbe umeshanunua, sasa unatuuliza nini? 😂

fundi_Chuda
Mkanda wako mzima. Waya mwekundu wa powasaplai ni volti 5. Volti 12 ni wa NJANO. Angalia mkanda, utaona alama ya mkasi kila baada ya taa tatu. Hizo tatu zimefuatana kwa mstari, kila moja nyeupe inadai kama volti 3, kwa hiyo chini ya 9 haziwaki. Umezipa 5. Nyekundu ya mkanda iende kwenye njano, nyeusi ibaki na nyeusi.
Ila siku ukinunua wa rangi wenye nyaya nne, sahau hayo. Huko mara nyingi nyeusi ndiyo chanya, na nyekundu, kijani na bluu ndizo hasi. Pima kwa mita ya umeme, usiamini rangi ya waya.

Pangani_Jnr
Nani aliyekaa akaamua nyeusi iwe chanya? Huyo ashitakiwe.

Bi_Raskazone
Mdogo wangu Ngamiani, kabla hujaunga hiyo njano nisikilize. Mimi nahariri video za harusi. Mwaka juzi, mwezi wa pili, lile joto letu unalijua, kijana mmoja alinifungia mkanda kama wako juu ndani ya kesi. Ukapendeza, nikapiga picha nikawarushia mashoga zangu. Ile gundi ya nyuma, nakuambia, haikumaliza wiki tatu. Usiku nimeiacha mashine inatoa video ya harusi ya Chumbageni, bibi harusi anasafiri asubuhi, nikasikia harufu ya plastiki. Kufungua, mkanda umening'inia, na ile ncha aliyoikata kwa mkasi hakuiziba na chochote. Shaba imegusa bati la kesi. Waya umeyeyuka ganda kutoka mwanzo mpaka mwisho na umebeba na waya wa diski. Kompyuta yenyewe bado inawaka! Nilidhani ikipiga shoti itajizima. Nikachomoa ukutani huku natetemeka. Diski ilipona, video nikaimalizia kwa kompyuta ya jirani saa kumi alfajiri. Yule kijana nikampigia, akaniambia "dada, hiyo ni gundi, siyo mimi".

fundi_Chuda
Pole dada. Haikujizima kwa sababu powasaplai ya kompyuta inaweza kusukuma ampea 20 na zaidi kwenye volti 12. Waya wako mwembamba ukivuta 10, yenyewe inaona mzigo wa kawaida tu. Waya unageuka kuwa fyuzi. Mita moja ya taa zile kubwa, 60 kwa mita, inakula wati 14 na kidogo, yaani ampea 1.2. Ngamiani weka fyuzi ya ampea 2 au 3 kwenye ule wa njano, karibu na plagi. Na dukani usikubali upewe ya 15 ya pikipiki, hiyo ni sawa na kutoweka. Ncha uzibe kwa silikoni, na mkanda uufunge kwa vile vikamba vya plastiki. Gundi peke yake hapana.

MzeeMakorora
Vijana, hivi vitaa havimalizi LUKU? Mjukuu wangu naye anavitaka.

Pangani_Jnr
Shikamoo mzee. Wati 14 ukiwasha saa kumi kwa siku, uniti moja unakwenda nayo wiki nzima. Pasi ya mjukuu inakula zaidi.

MzeeMakorora
Marahaba. Pasi hana, anavaa hivyo hivyo.

Kaskazi88
Bado nasema feni. Feni haiungwi, haikatwi, haidondoki.

fundi_Chuda
Kesi ya ofisini ina nafasi ya feni moja nyuma, sentimita tisa. Atazipanga wapi tatu, kichwani?

Kaskazi88
Anunue kesi nyingine basi.

Bi_Raskazone
Kesi nyingine ni bei ya mashine nzima ya mtumba. Anayetafuta mkanda wa mita unampeleka huko? Mimi ningesema ile seti ya rimoti, ya kuchomeka USB ya volti 5, haina kukata nyaya. Kasoro yake, kuna madabodi ukizima kompyuta USB inabaki na umeme, usiku kibanda kinawaka kama disko.

fundi_Chuda
Hiyo inazimwa kwenye BIOS, ile mipangilio unayoifungua kompyuta ikianza kuwaka, pale penye ErP (ya kukata umeme ukishazima) kama ipo. Lakini dada amenikumbusha. Ngamiani, hizo taa zitaonekana wapi? Kava la pembeni lina kioo?

MwanaNgamiani
Hapana mkuu, ni bati.

Pangani_Jnr
😂😂😂 Siku mbili tunapiga hesabu za ampea!

MwanaNgamiani
Nilijua ningeulizwa. Kuna jamaa anatengeneza vibao vya maduka, ana ile plastiki ngumu inayopitisha mwanga. Kasema atakata dirisha kwenye kava kwa grainda, abandike plastiki kwa ndani.

fundi_Chuda
Kava litoke kwanza! Asikate likiwa kwenye mashine, chembe za chuma zikiingia kwenye madabodi utamkumbuka dada na harusi yake.

MzeeMakorora
Hiyo plastiki anauzaje? Nina kabati la sahani kioo kimevunjika tangu masika.

Bi_Raskazone
Mzee, pima kwanza kabati, wanauza kwa ukubwa. Na usiipanguse kwa kitambaa kikavu, inachubuka.

MwanaNgamiani
Wakuu, mrejesho. Njano nimeunga, fyuzi ya 3 nimeweka, mkanda unawaka vizuri sana. Kava limekatwa leo, limenyooka kabisa. Ila nimelirudisha naona mgongo wa madabodi tu na mwanga kidogo pembeni.

fundi_Chuda
Umempelekea kava la upande gani?

MwanaNgamiani
La kulia.

Kaskazi88
Kulia ukisimama mbele au nyuma?