Sinema ya uani Mikindani, Mombasa: tununue projekta, tukodi, au tutoe TV nje?

Mama_Mikindani
Salaam ndugu zangu. Ploti yetu ina nyumba nane na watoto tele. Likizo ya Agosti tunataka Jumamosi jioni tuwawekee filamu uani, watandikiwe mikeka, wazazi tukae vitini nyuma. Njia tunazozizungumza ni tatu: kununua projekta ndogo ya LED na kutundika shuka nyeupe, kukodi seti nzima pamoja na fundi wake, au kutoa TV ya jirani ya inchi 55 tuiweke kibarazani. Mliowahi kufanya, nielezeni. Pesa ni za mchango, sitaki zipotee.

FundiSpika_Bamburi
Dada, usinunue projekta kwa kusoma boksi. Boksi litakwambia lumeni 9,000. Wewe uliza lumeni za ANSI, yaani mwanga uliopimwa kwa kipimo rasmi, na nyingi za bei ya chini utakuta zina 100 hadi 300 tu. Si mbaya, ila zinataka picha ndogo na giza la kweli. Ukiikuza picha mara mbili kwa upana na kwa urefu, eneo linakuwa mara nne, na mwanga ni ule ule, kwa hiyo picha inafifia mara nne. Ya ANSI 200 iache kwenye inchi 60 hadi 80, watoto watafurahi. Ukitaka inchi 120 na mtaa mzima, tafuta ya 3,000 hivi, na hiyo ni ya kukodi. Ukikodi, uliza mapema kama bei ni pamoja na usafiri, spika na fundi wa kukaa mpaka mwisho.

Kaka_Changamwe
Mimi nasema TV. Inang'aa kuliko projekta yoyote mtakayomudu, haisubiri giza, na haina mambo mengi. Watoto kumi, kumi na watano, inatosha kabisa.

FundiSpika_Bamburi
Kumi na tano sawa. Nyumba nane si watoto kumi na tano, kaka. Wa pembeni wataanza kusukumana, na TV juu ya meza kibarazani ikisukumwa ndiyo basi. Kama ni TV, ifungwe ukutani.

Baharia_Likoni
Mbona hakuna aliyetaja upepo? Agosti ni kusi. Shuka ukiifunga pembe za juu tu itajaa kama tanga la ngalawa na picha yote itacheza. Pitisha mti juu na mti chini, kisha kaza kamba pande zote nne. Bora zaidi, achaneni na shuka: pakeni ukuta wa ploti rangi nyeupe isiyong'aa, ule ulio upande wa kujikinga na upepo. Ukuta hautikisiki, na mwakani bado upo. Mkikodi, msikubali skrini ya kujazwa upepo msimu huu. Inapokea upepo wote, na feni yake lazima izunguke muda wote. Stima ikikatika inalala chini.
Na manyunyu ya kusi huja bila hodi. Wekeni projekta chini ya paa, waya zisilale chini.

Bint_Kibokoni
Kuhusu saa: Agosti jua huku linazama karibu saa kumi na mbili na nusu, na nusu saa baadaye ni giza. Acheni watu waswali Isha kwa utulivu, muanze saa mbili kasoro. Filamu iwe ya saa moja na nusu, si zaidi, watoto wadogo watalala mikekani.

Mwalimu_Tudor
Naunga mkono, ila kanuni za kelele za mwaka 2009 zinahesabu usiku kuanzia saa mbili, na kiwango cha mitaa ya makazi usiku ni desibeli 35. Hiyo ni sauti ya kunong'ona. Ongeeni na majirani wa ploti za karibu kabla ya siku yenyewe. Na badala ya spika moja kubwa mbele, wekeni mbili ndogo kando ya mikeka: watoto wanasikia vizuri, jirani wa nyuma analala.
Jambo la pili, msitoze kiingilio. Wenyewe kwa wenyewe ndani ya ploti ni jambo la nyumbani. Mkialika mtaa au mkikata tiketi, hayo ni maonyesho ya umma, na inabidi muulize leseni Bodi ya Uainishaji wa Filamu, KFCB. Netflix nayo, masharti yake ni matumizi binafsi ya watu wa nyumba moja. Kwa mkusanyiko tafuteni filamu ambayo mwenyewe ameiruhusu. Na angalieni daraja: GE ndiyo ya kila mtu.

Mama_Mikindani
Ahsanteni sana. Ukuta tunao, na uko upande unaofaa. Sasa stima ikipotea katikati ya filamu?

FundiSpika_Bamburi
Hapo ndipo projekta ndogo inaishinda ya kukodi. Projekta ya wati 80 na spika za wati 20 ni wati 100. Betri ya gari ya volti 12, Ah 70, ina kama wati-saa 840. Tumia nusu tu usiiue, na inveta, kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa stima, nayo inakula kidogo. Unapata zaidi ya saa tatu. Projekta kubwa ya taa inaweza kula wati 300, utahitaji jenereta, na ngurumo yake ndiyo watakayoisikia watoto.
Spika ziunge kwa waya wa AUX. Bluetooth mara nyingi huchelewesha sauti, midomo na maneno vinaachana.

Bint_Kibokoni
Feni ya kusimama iwekwe nyuma ya mikeka, ielekee miguuni. Mbu ni dhaifu wa kuruka penye upepo. Na mapipa yote ya maji yafunikwe, maana mbu wa dengi huuma mchana na jioni mapema, wakati watoto wanatandika. Viazi karai nitaleta mimi, niambie tarehe tu.

Mama_Mikindani
Basi ukuta na projekta ndogo. Jumatatu naenda mjini kuitafuta.

FundiSpika_Bamburi
Nenda na flashi yenye filamu ya Kiswahili yenye mandhari ya usiku. Mwambie muuzaji azime taa, aisogeze mpaka inchi 70, na uangalie pembe nne za picha kama zinasomeka sawa na katikati. Zikiwa ukungu, muombe nyingine.