Bati la waranti ya miaka 15 limeoza mwaka wa saba

Mwalimu_Mstaafu
Wakuu habarini. Nakaa Mjimwema, Kigamboni, ufukweni ni dakika tano kwa mguu. Mwaka 2016 nilipaua kwa bati la rangi, geji 30, kwa fedha ya kiinua mgongo. Waranti miaka 15. Mwaka wa saba kutu ikaanza kwenye ncha za bati juu ya kibaraza, ikafuata kwenye misumari, na sasa siling'i ya sebuleni ina madoa ya maji. Nilirudi dukani na risiti. Kijana akanionyesha maandishi madogo chini kabisa: nyumba za karibu na bahari hazimo. Mbona siku ya kununua hawakusema, na gari lao ndilo lililoleta mzigo hapa hapa Mjimwema? Imeniuma sana. Naomba mwenye uzoefu aniambie paa linadumu miaka mingapi kweli huku pwani, achaneni na ya kwenye karatasi.

Fundi_Kenchi
Shikamoo mwalimu, na pole sana. Napaua tangu 1998, Kigamboni, Bagamoyo na Mkuranga.

Kuanza kibarazani kuna sababu. Upepo wa bahari unaleta chumvi. Juu ya paa mvua inaiosha, lakini chini ya ncha mvua haifiki, kwa hiyo chumvi inaganda pale na usiku inavuta unyevu. Halafu nikuulize, fundi wako alikata kwa grainda? Cheche zile zinaunguza zinki ya ukingoni, na unga wa chuma ukilala juu ya bati na umande, asubuhi unakuta vidoti vyekundu. Kata kwa mkasi, hata kama fundi analalamika mkono unauma.

Kwa mabati niliyoyafungua mwenyewe karibu na maji, geji 30 yenye mpako wa zinki inakwenda miaka sita hadi kumi. Geji 28, ambayo ni nene zaidi, ya aluzinki yenye rangi, iliyofungwa kwa skrubu nzuri, nimeikuta na miaka 18 bado nzima, ila mipira ya skrubu imekauka na kupasuka, hiyo ibadilishwe mapema. Zinki ile ile geji 30 nilimwezekea shemeji yangu Dodoma mwaka 2001, mpaka leo imepauka tu.

Aluzinki ni mpako wa bati: alumini asilimia 55, inayobaki karibu yote zinki. Dukani uliza gramu za mpako: AZ150 maana yake gramu 150 kwa mita ya mraba, pande zote mbili zikijumlishwa. Muuzaji asiyejua gramu za bati lake, mwache.

Mwana_wa_Malindi
Mwalimu, salaam kutoka Malindi. Huku makuti ya banda langu nabadilisha kila baada ya miaka saba. Paa likisimama wima maji hayakai, huenda hata kumi. Likilala, miaka minne yashaoza. Lakini nyumba ya marehemu babu ina vigae vya Mangalore, vya udongo, vilivyokuja na meli kutoka India. Vigae vyenyewe vizima. Mbao ndizo tumebadilisha, mara mbili, kwa ajili ya mchwa.

Mwalimu_Mstaafu
Ahsanteni wanangu. Grainda ilitumika, nakumbuka kelele zake siku nzima. Je, kenchi zangu za mbili kwa nne zitabeba vigae?

Fundi_Kenchi
Hapana mwalimu, usithubutu. Vigae vya udongo ni kama kilo 40 kwa mita ya mraba, bati la geji 28 halifiki hata kilo tano. Utajenga kenchi upya.

Chukua aluzinki geji 28, na nenda na mtu mwenye maikromita apime unene, maana geji ya mdomoni siyo ya bati. Mara mbili kwa mwaka osha ncha za chini kwa maji ya bomba. Na kabla hujalipa, muuzaji aandike kwenye risiti kwamba bati linakwenda Mjimwema, mita mia nne kutoka baharini, na waranti inahusika huko. Apige muhuri. Akikataa kuandika, basi hiyo waranti usiihesabu kwenye bei.